Sifa za Pelangu na Malalamiko ya Sorakai

Katika nchi ya Lumbarai kuna miji miwili inayotazamana kuvuka mto, Pelangu upande wa mashariki na Sorakai upande wa magharibi, na kila mmoja unaamini kwamba wenyewe ndio unaojua kumpokea mgeni. Nilikaa katika yote miwili kwa msimu mmoja. Mimi nina nyumba ndogo ya wageni kule Korogwe, na ninayoyajua kuhusu wageni nimeyajua kwa kufagia vyumba vyao. Niliposikia kwamba kuna miji iliyojitungia sheria nzima kwa ajili ya wageni, nilitaka kwenda kuona. Safari yenyewe haina la kusimulia. Nitaeleza niliyoyaona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Nilianzia Pelangu. Asubuhi ya kwanza niliketi kwenye kibanda cha chai karibu na daraja. Mwenye kibanda, mama mnene aliyejifunga kilemba cha manjano, alinimiminia kikombe. Nikanywa, nikasema kama ambavyo ningesema popote, "Chai yako nzuri, mama."

Kengele ililia nyuma yangu. Mwanamume mwenye koti la kijani alisogea, akachovya brashi kwenye kopo la rangi, akapiga alama ya kijani ubavuni mwa sufuria.

"Mgeni, umenimaliza," alisema yule mama. "Leo tangawizi imenimwagikia sufuriani, imezidi. Tangu alfajiri wateja wananitukana!"

"Hongera, mama," alisema mwenye koti. "Itabaki hivyo hivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wageni waishe duniani."

Mwenye koti alikuwa Bwana Wirako, Katibu wa Sifa wa mtaa ule. Alinieleza sheria yao kwa upole, akitembea pembeni yangu na kengele yake kwapani. Kitu chochote ambacho mgeni atakisifu kinahifadhiwa kama kilivyokuwa saa ya kusifiwa. Kisibadilishwe, kisirekebishwe, kisiongezwe wala kupunguzwa. Hoja yao ni kwamba mgeni husafiri mbali kuja kuona kile alichosikia kikisifiwa na mwenzake, na si haki afike akute kimekuwa kitu kingine. Niliifikiria hoja hiyo njia nzima na sikuona kosa ndani yake. Ilikuwa hoja safi.

Matokeo yake yalikuwa mbele ya macho yangu. Kulikuwa na lango kubwa lililopakwa rangi ya bluu nusu tu, kwa sababu mgeni mmoja alilisifu wakati fundi wa rangi amekwenda kula. Kulikuwa na duka la mikate ambapo kila siku mikate ya tanuri moja huunguzwa kwa makusudi, kwa kuwa mgeni aliwahi kuisifu ikiwa imeungua. Na kulikuwa na binti aliyewahi kusifiwa kwa mapengo yake. Meno yalipoota, Baraza la mji lilikaa vikao vingi, wengine wakisema yang'olewe, wengine wakisema sheria haiwezi kudai damu, hadi likaamua kwamba pengo ni cheo, na cheo hurithiwa. Sasa kila mtoto wa mtaa ule anayeng'oka meno ya mbele huketi kwenye kiti maalumu sokoni mpaka meno yaote, kisha humwachia mwenzake. Nilimwona aliyekuwa zamu. Alikuwa anakula muhindi kwa meno ya pembeni na alionekana kuridhika kabisa na kazi yake.

Kuanzia pale kwenye chai niliamua kufunga kinywa. Nilikuwa mgeni, na neno la mgeni katika mji ule lilikuwa zito kuliko nilivyozoea kulibeba.

Bwana Wirako alinipeleka kulala kwa Bi Lamsari, mwanamke wa makamo, mfumaji wa mikeka, anayeishi na mama yake mzazi, Bibi Yudeni. Mlangoni palikuwa na kibao cha kijani: NYUMBA YA MATONE. Ndani, masufuria, makopo na beseni moja la udongo vilikuwa vimepangwa sakafuni, kila kimoja kimezungushiwa duara la kijani. Niliinua macho. Bati la paa lilikuwa limetoboka kama chujio. Katikati ya vyombo hivyo palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda, mwavuli mweusi umefungwa kwenye mchago kwa kamba.

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi Yudeni kutoka chini ya mwavuli, kisha akakohoa kwa muda mrefu. "Samahani, nakupokea nimeketi. Kifua hiki hakisikii adabu."

Bi Lamsari alinisimulia yaliyotokea. Miaka mingi nyuma, mvua ilimkuta mgeni mmoja mtaani akakimbilia kwao. Paa lilikuwa ndio kwanza limeanza kuvuja. Bi Lamsari aliona aibu, akaanza kuomba radhi huku akitega masufuria. Mgeni yule alikuwa mtu wa heshima. Ili kumwondolea mwenyeji aibu alicheka akasema, "Usijali, dada, ni kama muziki." Kengele ikalia barabarani.

"Alikuwa anakustahi," nilisema.

"Najua alikuwa ananistahi! Nani asiyejua? Lakini sheria haiulizi moyo wa mgeni. Inauliza maneno yake." Alipanga upya beseni lililokuwa limetoka kidogo nje ya duara lake. "Daktari ameniambia wazi. Mama akilowa masika nyingine, hatutamaliza masika naye. Na mimi nikigusa paa, nyumba inachukuliwa na Baraza, na sisi tunatolewa."

Niliuliza kwa nini mama asilale chumba nilichopewa mimi, ambacho kilikuwa kikavu. Kitanda cha mgeni hakilaliwi na mwenyeji, alinijibu. Hiyo pia ni sheria. Nikauliza kwa nini asihamie kwa ndugu. Bi Lamsari alielekeza kidole dirishani, kuvuka mto.

"Kaka yangu Tenzu yuko kule Sorakai. Ni fundi wa mabati, hakuna kama yeye. Nenda ukamwone, halafu rudi uniambie kama mama anaweza kukaa kule."

Nikaenda.

Sorakai ni mji msafi kuliko wote niliowahi kuukanyaga, na mwanzoni, nakiri, mguu wangu ulifurahi. Kule wana Sheria ya Lalamiko. Kila pembe ya barabara ameketi Msikilizaji mwenye koti la kijivu, na kila anachokilalamikia mgeni huondolewa. Hoja yao ni kwamba mgeni husahau mazuri kumi kwa ajili ya baya moja, kwa hiyo mwenye akili huanza kwa kuondoa baya. Nayo nikaifikiria. Katika nyumba yangu ya Korogwe nimeona mgeni akisahau chakula chote kwa ajili ya mbu mmoja. Hoja hii pia ilikuwa safi.

Msikilizaji wa kwanza kukutana naye aliitwa Bi Hanchai, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona. Wote kule hunong'ona.

"Bwana mgeni, una lalamiko?"

"Sina, dada. Asante."

"Hata dogo?"

"Hata dogo."

Uso wake ulisononeka. "Jaribu kidogo," alisema. "Wiki hii sijapata hata moja. Watadhani nalala kazini."

Alinitembeza. Majogoo waliondolewa kwa kuwika, ngazi kwa kuchosha, samaki wakavu kwa kunuka. Wazee waliokuwa wakicheza karata kando ya barabara waliondolewa kwa sababu mgeni alisema wanamkodolea macho. Miti ya matunda ilikatwa kwa kuangusha matunda. Kila kilichoondolewa kilisukumwa nyuma, mitaa ya ndani, ambako wenyeji hujibana na majogoo yao, midomo ya majogoo imefungwa kwa utepe hadi saa nne asubuhi.

"Na wageni wanafurahi?" niliuliza.

Bi Hanchai alitazama huku na huku. "Kuna lalamiko moja linatusumbua. Linarudi kila siku. Wanasema hakuna kitu cha kuona." Alishusha pumzi. "Baraza limekaa mwaka mzima. Tunajua kuondoa kitu. Hakuna-kitu kinaondolewaje?"

"Mkaamua nini?"

"Tumeweka mabenchi ukingoni mwa mto, yanatazama Pelangu."

Tenzu nilimkuta katika mitaa ya ndani, mtu mpana wa mabega, akigonga bati kwa nyundo iliyozongwa vitambaa mpaka imekuwa kama ngumi ya mgonjwa. Alikuwa akipiga na misumari inapinda. Akinyoosha, inapinda tena. Aliponiambia chanzo chake nilikaa chini. Mgeni mmoja alikuwa amebanwa na Msikilizaji hivyo hivyo kama mimi: hata dogo, hata dogo. Kwa huruma, akatafuta cha kumpa, na kwa kuwa wakati ule fundi alikuwa akigonga mahali fulani, akasema, "Basi, labda hiyo nyundo."

"Labda!" alisema Tenzu kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa na hasira kuliko makelele. "Kwa labda ya mtu mimi nagonga bati kwa mto wa kulalia."

"Dada yako aliniuliza kama mama anaweza kukaa hapa."

"Kikohozi kiliondolewa kabla ya nyundo, ndugu yangu. Mtu akikohoa hapa anapelekwa nyuma ya kilima. Mama yangu nyuma ya kilima?" Aliinua nyundo yake akaitazama. "Kule kuna paa linalohitaji nyundo na nyundo hairuhusiwi. Huku nyundo iko na sauti hairuhusiwi. Niambie wewe uliyetembea: ni mji upi una akili?"

Nilimwambia bado naangalia. Alinicheka. "Utaangalia mpaka mvua inyeshe."

Siku chache baadaye nilihudhuria mjadala wao wa kila mwaka. Hufanyika katikati ya daraja, meza moja imekatwa na mstari. Pelangu ilitangaza kwamba wageni walioingia kwao wameongezeka sana. Sorakai ikatangaza kwamba kwao ndio wameongezeka zaidi. Watu wa kila upande walipiga makofi, wa Sorakai wakipiga kwa glavu. Nilisimama pale darajani mchana kutwa nikitazama wageni wakipita. Waliochoshwa na mikate iliyoungua walivuka kwenda Sorakai, na waliochoshwa na mabenchi walivuka kuja Pelangu, na wengi niliwaona wakivuka mara kadhaa. Miji yote miwili ilikuwa ikihesabu watu walewale. Nilimgusia Bwana Wirako jambo hilo.

"Tunajua," alisema kwa utulivu. "Lakini ukishalisema mezani, sisi sote tutakuwa na nini?"

Mvua ilianza alasiri ya siku iliyofuata. Wingu lilitoka nyuma ya kilima cha Sorakai, na kabla halijavuka mto, Tenzu alikuwa amekwisha kulitangulia. Aliingia mlangoni anahema, furushi la mabati mgongoni na nyundo mkononi. Vitambaa alikuwa amevichana.

"Tenzu, hapana," alisema Bi Lamsari. "Watachukua nyumba."

"Wachukue nyumba yenye paa zima. Dada, shika ngazi."

"Tutalala wapi?"

"Kwani sasa hivi mama analala wapi? Analala mtoni!"

Bibi Yudeni alikohoa chini ya mwavuli wake. "Muache apande," alisema. "Nimezaa fundi wa mabati, nife kwa kuvujiwa? Majirani watanicheka kaburini."

Tenzu akapanda. Tone la kwanza lilianguka kwenye beseni la udongo, la pili kwenye kopo, na hapo juu nyundo ikaanza. Sijui kama msomaji amewahi kukaa ndani ya nyumba wakati bati jipya linapigwa juu ya kichwa chake. Ni makelele. Lakini ni makelele yanayokwenda mahali fulani. Pigo moja zito, mawili mepesi, kimya kidogo anapochagua msumari, kisha tena. Na kila baada ya muda, sufuria moja sakafuni ilikuwa inanyamaza.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Bwana Wirako, koti limelowa, na nyuma yake wenzake wawili. Alitazama juu, akatazama masufuria, akamtazama Bi Lamsari, ambaye bado alikuwa ameshikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Bi Lamsari," alisema, "nimesikia kutoka darajani."

"Najua umesikia, Katibu."

"Ndiyo hiyo sasa. Matone yamevunjwa. Nakujua wewe, namjua mama, nilikula ubwabwa kwenye harusi yako. Lakini nikilinyamazia hili, kesho mwenye lango atamalizia kupaka rangi." Alivua kofia akaikung'uta maji. Hakuwa na furaha yoyote. "Nyumba inabidi niifunge."

Bi Lamsari hakulia. Alimtazama mama yake tu. Juu, Tenzu hakuwa na habari, aliendelea kugonga.

Bwana Wirako alinigeukia. Ni desturi yao kwamba kabla ya kufunga jambo lolote, mgeni aliyepo huulizwa. Aliuliza polepole sana, na alinikazia macho alipouliza.

"Bwana mgeni. Wewe ulikuwepo. Je, kuna chochote hapa kilichokupendeza?"

Tangu siku ya chai sikuwa nimesifu kitu. Watu walikuwa wamekwisha kunizoea hivyo. Muuza mikate alikuwa akiniita Bwana Kufuli. Sikutaka kusema uongo, hata kwa wema, kwa maana nilikuwa nimeona wema usio wa kweli unavyoweza kumlaza mwanamke mgonjwa chini ya mwavuli miaka yote ile. Kwa hiyo nilijiuliza kwanza. Nilisikiliza. Pigo moja zito, mawili mepesi. Nilikumbuka siku nilipoezeka nyumba yangu Korogwe, na mke wangu alivyotoka nje na ungo mkononi kusikiliza.

"Ndiyo," nilisema. "Nimependezwa na sauti ya hiyo nyundo juu ya paa hili. Ni sauti nzuri."

Kengele ililia kabla sijafunga mdomo. Nadhani mkono wake ulikuwa tayari.

"Mmesikia," Bwana Wirako aliwaambia wenzake. "Nyundo, juu ya paa hili. Isibadilishwe, isipunguzwe." Akapanda ngazi mwenyewe, mtu mzima na koti lake, akapiga alama ya kijani kwenye mpini wa nyundo ya Tenzu. Tulimsikia Tenzu akiuliza kwa sauti kubwa, sauti yake halisi, ambayo sikuwa nimeisikia kabla, "Kwani nimefanya nini tena?"

Baraza lilipata kazi ya wiki mbili. Sifa haiwezi kufuta sifa, hilo ni msingi wao. Matone yalikuwa yamesifiwa na nyundo imesifiwa, na nyundo huua matone. Upande mmoja ulisema paa litobolewe usiku na kuzibwa mchana. Mjumbe mmoja alipendekeza mgeni akamatwe, na pendekezo hilo lilipata kura kadhaa. Mwishowe Bwana Wirako aliomba nafasi ya kusema. Alisema sheria inataka matone, haisemi yatoke mbinguni. Na inataka nyundo, haisemi kila saa.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Kila Jumanne Katibu wa Sifa huja na birika, akavua viatu, akadondosha maji tone kwa tone katika vyombo vyote mbele ya wageni. Kila Alhamisi Tenzu huvuka daraja na kugonga paa kwa nguvu zake zote. Kwa kuwa kila Alhamisi lazima kuwe na cha kugonga, hakuna paa imara kuliko lile katika nchi nzima ya Lumbarai. Bibi Yudeni hulalamika kwamba Alhamisi hawezi kusikia hata mawazo yake, na hulalamika hivyo kwa kifua kilichotulia, akimenya karanga. Wakati mwingine mafundi wenzake Tenzu huvuka naye, wakae tu uani wapige kelele kidogo kabla ya kurudi.

Nilimwuliza Bwana Wirako kama ameanza kuona kwamba sheria yao ina kasoro. Alifikiri. "Sheria ni nzuri," alisema. "Tatizo ni wageni wenye adabu." Sikubishana naye. Wala sikuweza kumjibu Tenzu ni mji upi una akili, ingawa ninajua ni mji upi nililala vizuri.

Asubuhi yangu ya mwisho tulikuwa uani tunakunywa uji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na nyumba ilikuwa kavu. Mwavuli mweusi ulikuwa umefunguliwa chini, kwenye kona ya ua, na chini yake Tenzu alikuwa ameficha zawadi aliyomletea mama yake kutoka mitaa ya ndani: jogoo mwekundu mwenye mkia kama moto, alama ya utepe bado ikionekana mdomoni. Jua lilipopita ukuta, jogoo akatoka, akanyoosha shingo, akawika. Aliwika kama aliyekuwa ameweka akiba.

Bwana Wirako, aliyekuja kuniaga, alikuwa amesimama mlangoni. Mkono wake ulienda kwenye kengele, nadhani kwa mazoea tu. Alinitazama.

Bibi Yudeni aliniinamia. "Mwanangu," alinong'ona, "huyu ni wa Idi. Nakuomba."

"Bwana mgeni," alisema Bwana Wirako, "umemsikia jogoo?"

"Nimemsikia."

"Enhe?"

Jogoo akawika tena, vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza.

"Nimemsikia tu," nilisema, nikamalizia uji wangu.